Mini ya Mwalimu Pandu

Sauti ya Wanu binti Pandu niliifuta mimi. Si virusi, si umeme, wala si kadari peke yake kama wanavyosema watu wa Mtoni mpaka leo. Niliifuta kwa kidole hiki cha shahada, saa nne asubuhi, nimeshiba chapati, na kabla ya kubonyeza nilisema bismillahi. Natanguliza hilo ili asije mtu akasoma mpaka katikati akitumai kwamba fundi ataiokoa. Haikuokoka.

Mimi naitwa Mudrik, fundi wa kompyuta wa Mkunazini. Duka langu ni chumba kimoja chini ya nyumba ya mawe ambayo wenyewe hawaikarabati wala hawaiuzi. Kila masika chokaa inaniangukia mezani, nami nawalaani mpaka kizazi cha saba, kisha nafagia. Mjini nasifika kwa mambo mawili, ulimi mchungu na mkono mzuri. Mtu akiniletea laptopu iliyomwagikiwa chai ya maziwa namtukana kwanza, halafu naitengeneza, na mwezi ujao anarudi na nyengine. Wanarudi kwa sababu katika miaka kumi na saba sikuwahi kumpotezea mteja hata picha moja. Nilikuwa na sharti langu: kabla ya kupiga windo, yaani kuifuta mashine na kuiwekea mfumo upya, nanakili kila kilichomo. Hata mteja akiapa kwamba hamna kitu. Khasa akiapa, kwa sababu watu hawajui wana nini mpaka kiwatoke.

Sharti hilo nililivunja mara moja tu, na aliyenivunjisha ni Maalim Usi.

Maalim Usi ndiye aliyenisomesha Qur'ani chuoni kule Mtoni nilikozaliwa. Mkono wake ndio ulionishika mkono nikaandika alifu ya kwanza, na bakora yake ndiyo iliyonifikisha mpaka khitma. Mtu wa namna hiyo akiingia dukani kwako husimami tu, unasahau hata umri wako. Aliingia asubuhi moja na kitu amekizungushia kanga, akanipa mkono nikaubusu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Poleni na msiba. Sikuwahi maziko, niko Pemba siku ile."

"Tushapoa. Ndiyo njia yetu sote."

Msiba wenyewe ulikuwa wa mdogo wake, Mwalimu Pandu, aliyekuwa akisomesha hesabu skuli ya msingi. Alikuwa amekufa kiasi cha miezi miwili nyuma. Maalim akafungua kanga, ikatoka mini, moja ya zile laptopu ndogo za ukubwa wa daftari zilizoingia kwa fujo miaka ya elfu mbili na nane, na tisa, kila mtu akazitaka, kisha kila mtu akazitupa. Hii ilikuwa nyeupe, imegeuka rangi ya jino la mvuta sigara. Diski yake ilikuwa ya gigabaiti nne. Simu ya mtoto wa siku hizi ina mara kumi na sita yake.

Niliiwasha. Ikatoa kioo cheusi na mstari mmoja wa kulalamika kwamba kuna faili la mfumo halionekani. Betri ilishakufa zamani, ikawa inaendeshwa kwa waya peke yake, na umeme ulikatika inatumika. Ugonjwa mwepesi kabisa.

"Shemegi yangu anaitaka," Maalim alisema. "Yumo edani, hana la kufanya kutwa. Kasema irudi ile ile ya zamani, asiwekewe mambo mapya akapotea."

"Mpya hata haiingii humu," nilisema. "Hii ni ya XP tu, ule mfumo wa zamani, na XP ninayo. Ntanakili vitu vya marehemu kwanza, halafu..."

Maalim aliutazama mlango, akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Mudrik, nimekuja kwako na si kwa fundi mwengine kwa sababu nimekusomesha mimi. Humo ndani mna mambo ya marehemu yasiyofaa kutazamwa wala kusikilizwa. Usifungue. Usinakili. Futa vyote, halafu ndiyo uweke hiyo ya zamani. Mwenye kumsitiri Muislamu mwenzake, Mungu humsitiri yeye."

Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni zile filamu chafu, kwa sababu fundi wa kompyuta ameshaona ya watu wengi na hashangai tena. Nilimkumbuka Mwalimu Pandu na baiskeli yake, kanzu ameipachika klipu isikamatwe na mnyororo, nikasema, hata yeye? Nikamwonea huruma. Leo naiona huruma ile ndiyo uchafu pekee uliokuwapo chumbani asubuhi ile.

"Na nafasi itakayobaki," Maalim akaongeza, "nijazie Qur'ani. Msahafu mzima, apate kusikiliza na kuliwazika."

"Inshallah, Maalim."

Najua mtu atauliza, kwa nini hukumpigia simu mwenyewe mjane? Basi mtu huyo aniambie ataanzaje. "Bi Mwanakheir, pole na msiba, nifute uchafu wa mumeo au nikuwekee?" Mwanamke yumo edani, hatoki, haonani na wanaume wa nje, shauri lake lote linapitia kwa wakubwa wa nyumba. Mkubwa wa nyumba amekaa mbele yangu na ndevu zake nyeupe. Kwetu hapo huulizi. Tuliambiwa tangu wadogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na niliyemvunja ni mtu mwengine kabisa.

Maalim alikwenda Darajani kwenye shughuli zake, nikafunga nusu mlango nikaanza kazi.

Kuiweka XP kwenye mini si mchezo, na mafundi wa siku hizi hawaiwezi. Mfumo ule ulitengenezwa utoke kwenye CD, na mini haina pa kutia CD. Kwa hivyo lazima uiandae flashi ijifanye CD, na ikikosea faili moja tu mashine inakutazama kama hukuzaliwa. Mimi flashi hiyo ninayo, nimeifunga uzi mwekundu isipotee, na nilikuwa nikijivunia. Nikaichomeka, nikaiwasha mashine nikiwahi kubonyeza kitufe cha kuingia ndani kwenye mipango yake, nikaiambia isome flashi kabla ya diski. Ikatii. Kioo kikageuka buluu kwa maandishi meupe, nikafurahi.

Sasa hapa nieleze polepole, kwa sababu ndipo penyewe. Ilipotazama diski iliukuta mfumo wa zamani, mgonjwa lakini upo. Ikanipa njia mbili. Nikibonyeza R, inautengeneza ule ule, inarudishia mafaili yaliyopungua, na kila kitu cha mwenyewe kinabaki mahala pake. Yaani lile khasa aliloomba Bi Mwanakheir: irudi ile ile. Nikibonyeza Esc, inanipeleka kwenye ukurasa wa diski, na pale kuna D, ya kufuta. Muda wa njia mbili hizo haupishani hata nusu saa. Nilibonyeza Esc, kisha D. Ikanionya kwamba nafuta sehemu yenye mfumo, nina hakika? Nikasema ninayo. Ikaniuliza tena, kama kweli nataka basi nibonyeze L. Kimashine kile cha kutupwa kilikuwa na adabu kuliko mimi, maana kiliuliza mara mbili. Nikabonyeza L.

Mengine ni ya kawaida. Mistari ya manjano ikitembea, asilimia zikipanda, mashine ikijizima na kujiwasha. Ilipotaka mahala nilipo nikaipa Nairobi, kwa kuwa Zanzibar haimo kwenye orodha yao. Nikatafuta kile kiprogramu cha kuifanya itoe sauti, nikakipata, nikaijaribu kwa Alfatiha. Kikatokea kile kilima cha kijani na mbingu yake, kama mwaka elfu mbili na nane haujapita. Kisha nikamimina Msahafu mzima, juzuu thelathini, mpaka diski ikabakiwa na nafasi ya kutia picha mbili tatu.

Maalim aliporudi nilimfungulia akasikiliza Alfatiha amefumba macho.

"Allah akujaze kheri," alisema. "Umemfanyia ihsani maiti."

Na mimi nilijiona mwema. Nililala mchana ule usingizi mzuri kabisa.

Siku ya tisa akaja mwanamke simjui, mrefu, buibui limejaa vumbi la njia. Hakukaa.

"Wewe ndiye Mudrik?"

"Ndimi."

"Mie Riyama, mdogo wake Bi Mwanakheir. Nimetoka Makunduchi kuja kukaa naye eda. Dada kanambia nije nikuulize, lile faili la Wanu umeliweka wapi?"

"Wanu nani?"

Alinitazama kama ananipima akili.

"Mwanawe. Si mtoto wao mmoja tu walokuwa naye? Kafa na miaka kumi na nne, mwaka wa kumi na moja huu. Humo ndani si ndimo mlimo sauti yake?"

Nikamwambia akae. Hakutaka. Alinieleza amesimama, haraka haraka, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ambayo kila mtu anaijua. Wanu alikuwa hawezi kufua bila ya kuimba. Akitunga mwenyewe, akichukua nyimbo za harusini akizigeuza maneno, akiwasema majirani humo humo. Babake akaiweka mini kwenye dirisha la uwani juu ya bomba akawa anamrekodi, mtoto hajui, na alipojua ndiyo akazidi kuimba. Alipokufa wakawa kila Ijumaa, mume akirudi msikitini na wameshakula, wanakaa wawili wanamsikiliza. Hawakukosa Ijumaa hata moja mpaka Pandu naye akafa.

"Dada kusoma kizungu hajui," Riyama alisema. "Anajua kile kilima, na chini yake kwa kushoto pana kifaili, anabonyeza mara mbili mtoto anatoka. Sasa kilima kipo, kifaili hakipo. Siku ya nne leo anabonyeza pale pale patupu. Nkamwambia labda fundi kakihamisha."

Nilijisikia nikisema kitu kipumbavu, kwamba Qur'ani nimemwekea nzima.

"Qur'ani tunayo," akasema. "Misahafu ipo, na redio inasoma tangu alfajiri. Yeye alimtaka mwanawe."

"Kailete," nilimwambia. "Izimeni, msiiwashe tena hata kidogo, uniletee leo hivi."

Akaileta adhuhuri. Nikafunga duka siku tatu. Nilijaribu kila programu ya kufukua mafaili ninayoijua, na mbili ambazo nilikuwa sizijui nikajifunza. Diski kubwa ukiifuta, vya zamani vinabaki chini kwa chini kwa muda mrefu, na fundi mwenye subira anavitoa. Lakini hii ilikuwa gigabaiti nne. Ilikuwa kama kile kibao chetu cha chuoni, ukishakiosha na kuandika juu yake, aya ya jana imekwenda na maji. XP ilikula nusu, Msahafu ukala nusu. Hakuna kipande nilichokiacha kitupu, maana niliijaza kwa ustadi.

Nilichopata ni majina. Mafaili kumi na tisa, majina matupu, Mwalimu Pandu ameyaandika kwa utaratibu wa mwalimu wa hesabu. Wanu anafua. Wanu anafua 2. Wanu na mvua. Wanu anamsema Bi Nassra. Wanu kacheka. Nikalifungua hilo la mwisho, mashine ikaenda mahala sauti ilipokuwapo zamani, nikamsikia msomaji wa Qur'ani katikati ya aya, sauti nzuri kabisa, imekamilika. Nikaizima. Halafu nikamwomba Mungu msamaha kwa kuizima, halafu nikapiga ngumi meza, chokaa ikaanguka. Nikafungua yote kumi na tisa. Mengine yalikuwa kimya, mengine yanakwaruza, saba yanasoma.

Mawili katika yale kumi na tisa yaliitwa Wanu Yasin, na Wanu Yasin 2.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nilikwenda Mtoni. Watoto wa chuo walikuwa wameshatawanyika, Maalim yuko peke yake juu ya mkeka anavuta tasbihi. Nilimwamkia, nikaketi, sikuweza kuzunguka.

"Maalim, yale mambo yasiyofaa yalikuwa nini?"

"Ushajua."

"Nataka nisikie kwako."

Hakukasirika. Ningefurahi angekasirika.

"Nyimbo," alisema. "Msichana kashabaleghe, anaimba mahaba, na sauti yake inapigwa kila wiki naye yumo kaburini. Unajua maana yake hiyo? Kila ikipigwa anaandikiwa dhambi. Miaka kumi na moja, Mudrik. Nilimwomba Pandu aifute, nikamwomba kwa machozi, akanambia Kaka, usiniue. Nikanyamaza. Alipokufa nikasema, sasa wanaandikiwa wote wawili, na mie nipo hai natazama. Yule alikuwa mwanangu pia. Mie sina mtoto, wewe wajua."

"Uliniambia ni aibu ya marehemu."

"Sikukudanganya. Ulidhani lako mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli, na nilimchukia zaidi kwa kuwa kweli.

"Mbili katika zile zilikuwa sura ya Yasin," nilisema.

Tasbihi ikasimama. "Yasin ipi?"

"Alosoma Wanu. Babake kaiandika jina. Kasomeshwa na nani Yasin, kama si wewe?"

Midomo ya Maalim ilikuwa ikitikisika lakini sidhani kama alikuwa akisoma kitu. Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akaanza upya kuvuta tasbihi, tangu punje ya mwanzo.

"Sikujua," alisema. Kisha akasema, "Mungu ndiye ajuaye." Kisha, kwa sauti yake ile ya chuoni, akaniambia, "Nshamwambia mamake. Nimemwambia mashine ilikufa yenyewe, vilivyomo vikafa nayo, fundi kajitahidi kaweza hicho alichoweza. Kaipokea. Kasema alhamdulillah. Na wewe akikuuliza sema hivyo hivyo. Usimtie donda juu ya donda."

Nilisimama nikaondoka bila ya kumbusu mkono. Tangu nina miaka mitano sikuwahi kufanya hivyo.

Miezi miwili iliyobaki ya eda ile nilikuwa mtu mbaya. Mteja akiniambia futa tu hamna kitu, namfukuza na laptopu yake. Mke wangu, Rahila, aliniuliza nina nini, nikamwambia, akasema nenda kamwambie mwenyewe, mtu ana haki ya kujua aliyemtenda. Mamangu nikamwambia, akasema nyamaza, la kuvunda halina ubani. Nilikuwa nikizungumza na Bi Mwanakheir kichwani mwangu kila siku. Ndani ya kichwa changu alikuwa analia, ananilaani, halafu ananishukuru kwa ukweli wangu. Kila siku ilikwisha kwa kunishukuru.

Lakini lililokuwa likinikera zaidi ya yote ni kule kusema kwamba ilikufa yenyewe. Kazi yangu mimi, ujinga wangu mimi, anasingiziwa Mungu. Nilijiambia kwamba hilo sitalikubali, na nikajiona shujaa.

Alipotoka eda niliacha zipite siku mbili, watu wamalizike, nikaichukua mini nikaenda. Bi Mwanakheir alinikaribisha ukumbini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, bado mikono ina hina ya juzi ya kutoka eda. Riyama alikuwa amekaa kando anachambua mchele. Nilimwamkia, nikampa pole, akanipa kahawa. Nikasubiri mpaka nilipomaliza kikombe, ndipo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, alivyokuja Maalim, alivyosema, nilivyodhani, R na D, Msahafu, majina kumi na tisa, Yasin mbili. Sikujitetea. Nilijisifu moyoni kwamba sijitetei.

Riyama alikuwa ameshaacha kuchambua.

Bi Mwanakheir hakulia. Aliiangalia mini mezani, kisha akaniangalia.

"Usi kanambia ilikufa yenyewe."

"Si kweli, Bi Mwanakheir. Niliifuta mie."

"Na mbona umekuja kunambia?"

"Kwa sababu ni haki yako kujua."

"Haki yangu," alisema. Aliitamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi asioujua. "Ngoja nikwambie, mwanangu. Alipokufa Wanu nligombana na Mungu mwaka mzima. Sikusali. Usimwambie mtu, lakini sikusali. Pandu akanirudisha kidogo kidogo, kwa hicho kimashine chake. Sasa kilipokufa nacho, nkasema safari hii sigombani tena, nguvu sina. Kanipa Yeye, kamchukua Yeye, na sauti yake kaichukua Yeye. Nkamwachia. Astaghfirullah, nnavyosema, lakini nlimsamehe. Miezi miwili hii nasali, nalala, hata chakula nnakiona ladha. Muulize Riyama."

Riyama aliinama akarudia kuchambua mchele.

"Mungu nlimsamehe kwa kuwa simuoni," akaendelea. "Wewe nnakuona. Usi nnamuona kila siku ya Mungu. Ndiye alobaki mwanamume wa nyumba hii. Ndiye anoninunulia samaki, ndiye anonizibia paa, na mie nikifa ndiye atakaenisalia. Sina mwengine. Ntamtazama vipi sasa?"

"Nisamehe, Bi Mwanakheir."

"Ah. Ndicho ulichofuata." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mzigo ulikuwa wako. Umeuona mzito, ukaja kuutua kwangu, ukauita haki yangu. Ungeninyamazia, mwanangu. Wenzio wote walininyamazia."

Nilikuwa nimemfutia mwanawe asubuhi moja, na sasa nimekuja kwa miguu yangu, nimevaa kanzu safi, nimemfutia na kile alichokipata baada yake.

Mlangoni ikasikika hodi. Ilikuwa sauti ya Maalim Usi, na nyuma yake harufu ya samaki wabichi.

Akapiga hodi ya pili. Bi Mwanakheir aliuvuta ushungi wake akaufunga vizuri chini ya kidevu, akafuta uso kwa kiganja ingawa haukuwa na machozi, akaichukua mini akaifunika kwa kanga. Nilimwona akiutafuta uso wa kumpokelea.

"Karibu, shemegi," alisema. "Ingia, tupo."

Maalim akaingia, akaniona, akasimama. Riyama akainuka kwenda kumpokea samaki.